Mikono ya Maman Emérence

Daktari aliinua ile picha nyeusi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaishusha, kisha akaiinua tena. Agathe hakuipenda hiyo mara ya pili. Daktari akitazama picha mara moja tu, mtu anarudi nyumbani na vidonge vyake. Akiitazama mara mbili, heri utafute kiti.

Kiti kilikuwepo, akakaa.

Wiki iliyopita alikuwa amemleta Constantin, mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka mitano, kwa sababu ya kifafa. Daktari Stanislas, kijana aliyerudi kutoka Kinshasa na miwani mizito na ndevu zisizotaka kuota, hakuuliza sana habari za kifafa. Alimvua mtoto nguo zote akaanza kumkagua ngozi, mbele na nyuma, mpaka Agathe akajiuliza kama ameingia chumba kisicho chake. Mgongoni na mapajani daktari alikuta mabaka meupe, membamba, yaliyochongoka kama majani madogo. Puani na mashavuni alikuta vipele vyekundu ambavyo nyumbani kila mtu aliviita joto. Halafu mkono wake ukafika tumboni, ukasimama hapo, ukakaa mno. Ndipo akaagiza picha ya figo. Mtoto alichomwa dawa mkononi ili ipite kwenye figo na mashine izione, akalia siku hiyo mpaka sauti ikamkauka.

Leo Agathe alikuja peke yake kuchukua majibu. Aliomba ruhusa kwenye ofisi ya chai alikokuwa dactylo, mpiga chapa, akidhani kabla ya saa sita atakuwa amerudi kwenye mashine yake. Lakini daktari alikuwa mmoja na wagonjwa walikuwa umati, na alipoitwa jua lilikuwa limeshaanza kuinamia vilima vya Kabare.

Daktari alianza kwa Kifaransa, akaacha njiani, akahamia Kiswahili cha kwao. Alieleza kwamba mabaka, vipele, kifafa na haya ya figo si magonjwa manne. Ni ugonjwa mmoja, mtoto huzaliwa nao, na kazi yake ni kupanda vivimbe vidogo mahali pengi mwilini. Vikiota kichwani vinaleta kifafa. Kwenye figo za Constantin vilikuwa vimeota vivimbe vya mafuta na mishipa ya damu, na kando yake mifuko ya maji, mpaka figo zote mbili zimevimba na mkono unazigusa kwa nje. Bado zinafanya kazi yake. Hakuna haja ya kisu. Angempa dawa ya kifafa, na mtoto angeletwa mara kwa mara apimwe mkojo na presha.

Agathe akaanza kupumua. Basi mbaya iko wapi, akauliza.

"Ile mishipa ya mu figo iko laini sana, Maman," daktari alisema. "Mutu akimupiga teke mu tumbo, ao akimukanda kwa nguvu, inaweza kupasuka. Damu itamwagika mukati, hautaiona. Utaona tu tumbo inavimba, midomo inageuka nyeupe, mutoto anaomba maji, anaomba tena maji. Ukiona vile, umeshachelewa. Mutu hata moja asimukande tumbo. Umenisikia?"

Alikuwa amesikia. Alisikia kuliko daktari alivyodhani, kwa sababu kesho, Jumamosi, mama mkwe wake alikuwa anamkata Constantin rate.

Rate ni bandama, na Bukavu nzima inaijua. Mtoto akiugua malaria mara nyingi, bandama inavimba, inashuka chini ya mbavu upande wa kushoto, inakuwa ngumu. Wengine humeza kinini. Wengine humwendea mtu mwenye mikono. Mtoto hulazwa juu ya majani ya ndizi, huchanjwa chale ndogo kwa wembe pale palipovimba, hupakwa majivu ya dawa, halafu hukandwa kwa mikono yenye mawese na kwa jiwe lililopashwa moto, kwa nguvu, mpaka rate ivunjike na kurudi mahali pake. Hufanywa jua likizama, ili rate izame nalo. Na katika mtaa wote wa Kadutu mikono iliyosifiwa kwa kazi hiyo ilikuwa ya Maman Emérence, mama yake Gaston, bibi yake Constantin.

Kabla ya kumruhusu, daktari aliomba kumwangalia Agathe mwenyewe: uso, mikono, kucha za miguu. Hakuona kitu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama bwana yake ana vinyama vidogo vinavyoota pembeni mwa kucha za vidole vya miguu. Agathe alisema ndiyo, anavyo, tangu alipomjua. Daktari akaandika. Akasema ugonjwa huu mara nyingi unapita kwenye damu, toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mzazi anaweza kuwa nao maisha yake yote usionekane kwake ila kwa kijinyama kwenye kidole.

Agathe alichukua bahasha yenye picha akatoka. Alitembea haraka lakini hakukimbia, kwani ilikuwa kesho, na njia nzima kupanda Kadutu alikuwa anatafuta maneno. Usidhani ni jambo dogo. Mkaza mwana hamkatazi mama mkwe uso kwa uso; humwambia mume, na mume humwambia mama yake akitaka. Na Gaston, mwalimu wa hesabu, mtu wa akili na wa chaki, hakuwahi kumwambia mama yake hapana tangu azaliwe.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na deni la moyo. Kila mtu aliamini kwamba povu la kifafa linaambukiza. Constantin akianguka, majirani walivuta watoto wao ndani, na Gaston mwenyewe alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Maman Emérence peke yake ndiye aliyepiga magoti, akamlaza mtoto ubavu, akamfuta povu kwa kiganja chake kitupu, akamwimbia kwa Kimashi mpaka arudi. Agathe alijifunza kumshika mwanawe kwa kumtazama yeye. Kumwambia mwanamke huyo asimguse tena mjukuu wake tumboni, Agathe aliona afadhali aambiwe apande mlima Kahuzi kwa miguu.

Karibu na nyumbani, pembeni mwa njia, alikaa Maman Domitille na mafungu yake ya makaa. Nyumba yake na ya Maman Emérence zilitenganishwa na ua wa matete tu, lakini wanawake hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu Gaston akiwa mvulana. Sababu alijulishwa Agathe wiki ile ile aliyoolewa. Maman Emérence alikuwa na binti, Adélaïde, aliyekufa ghafla akiwa na miaka tisa, na mchana wa siku hiyo Adélaïde alikuwa amekula ndizi ya kuchoma kwa Domitille. Basi ikasemwa karuho. Sumu. Mjini kwetu neno hilo likishakukalia halishuki. Hata mtu akikupa pombe lazima kwanza aonje yeye mbele yako, ndipo unywe. Agathe aliambiwa asipokee kitu mkononi mwa mwanamke yule, hata maji, hata kiberiti, na alikuwa ametii.

Kwa hiyo alishtuka Maman Domitille alipomwita.

"Maman Constantin," alisema, macho yake kwenye makaa. "Mimi sinasema kitu. Ninasema tu jiwe iko mu moto."

Agathe hakuelewa. Akasema ni kesho.

"Kesho ni salongo," Maman Domitille alisema. "Batu ya chama batapita nyumba kwa nyumba kupeleka batu ku kazi. Nani atakanda mutoto kesho? Ni leo. Nimeona moshi, nimeona majani ya ndizi. Niliona vile zamani, pale pale. Kimbia."

Salongo. Kila Jumamosi Zaïre nzima ilishika jembe na ufagio, na Agathe, aliyekuwa ameisahau siku hiyo moja tu katika maisha yake, alijiona mjinga kuliko wote. Alitazama vilima. Jua lilikuwa limebaki kipande.

Alivua viatu akavishika mkononi na bahasha, akakimbia.

Alikuwa amefika kwenye kiwanja cha bendera, hatua chache kabla ya kona ya nyumbani, filimbi ilipolia. Aliyekuwepo miaka hiyo hahitaji kuelezwa. Bendera ikishuka jioni, kila kitu chenye miguu au magurudumu kinasimama. Lori la bia lilizima injini. Mpagazi aliyebeba godoro kichwani akaganda nalo. Wanawake wa sokoni, watoto wa shule, hata mlevi aliyekuwa anaimba, wote wakanyooka, na wimbo ukaanza. Agathe naye akasimama, kwa mazoea, mikono ubavuni.

Bendera ya kijani ilishuka polepole kana kwamba aliyeshika kamba analipwa kwa kuchelewa. Nyuma yake jua lilikuwa linashuka vilevile. Na nyuma ya ile kona, Agathe alijua, mikono iliyotiwa mawese ilikuwa inashuka pia. Aliona yote matatu kwa pamoja. Aliogopa kijana wa chama aliyesimama na filimbi, aliogopa kufungwa cachot, aliogopa kweli; kisha akaogopa zaidi lile tumbo dogo, na miguu ikaondoka yenyewe.

Filimbi ililia nyuma yake. Kijana alimfikia kwenye kona, akamkamata mkono. Alikuwa na shati la kijani na umri wa kuitwa mdogo wangu, lakini sauti aliyoikopa ilikuwa ya mtu mkubwa.

"Citoyenne, bendera inashuka na weye unakimbia? Unakimbia nani?"

Alimwambia mtoto wake anakufa. Kijana akasema kila mtu ana mtoto. Akaona bahasha, akafungua, akaona mifupa ya mbavu na madoa meupe, akairudisha ndani upesi kama mtu aliyegusa kitu cha maiti. Lakini hakuirudisha kwa mwenyewe. Akasema itabaki kwake, aje kuichukua kesho kwenye salongo, aeleze mbele ya wakubwa kwa nini anadharau bendera. Siku nyingine Agathe angelia, angeomba. Aliiacha bahasha mkononi mwa yule kijana, akaacha na viatu vilivyoanguka, akakunja kona.

Uani, Constantin alikuwa amelala chali juu ya majani ya ndizi, shati limepandishwa hadi kidevuni. Upande wa kushoto chale zilikuwa zimeshachanjwa, zimepakwa majivu, na damu kidogo ilikuwa imeganda pembeni. Gaston alikuwa amemshika miguu, uso ameugeuzia ukutani. Jiwe lilikuwa kando, limefungwa kwenye jani, linatoa mvuke. Na Maman Emérence, miguu mitupu, kitenge amekifunga kiunoni, alikuwa ameinama, mikono yake inang'aa mawese, inashuka.

Agathe alijitupa magotini upande wa pili, akafunika tumbo la mwanawe kwa viganja vyake viwili, na mikono ya mama mkwe ikatua juu ya mikono yake. Ilikuwa ya moto na mizito. Kwa muda wanawake hao wawili walibaki hivyo, mikono juu ya mikono, na mtoto chini akiwatazama mmoja mmoja.

"Ondosha mikono," Maman Emérence alisema.

"Hapana, Maman."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo. Gaston aliachia miguu ya mtoto akasimama, akamuuliza mke wake kama ana akili timamu, kwa nini anamjibu mama yake hivyo. Agathe alieleza, maneno yakikanyagana: si rate, ni figo, figo zina mishipa laini, daktari amekataza. Maman Emérence alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila hasira kwamba alikanda rate kabla ya mama wa huyo daktari kuolewa. Watoto wangapi wa Kadutu wanatembea leo kwa mikono hii. Agathe alijua ni kweli, na hilo ndilo lililomtisha.

Gaston akanyoosha mkono. "Picha iko wapi?"

"Kijana ya bendera aliibeba."

Gaston alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema basi hakuna picha, kuna mwanamke tu aliyekuja mbio bila viatu. Akamwambia mama yake aendelee, jua linaisha.

Mikono ya Maman Emérence ilibonyea kidogo juu ya mikono ya Agathe. Hapo Agathe aliona kwamba hana kitu kingine duniani, hana karatasi, hana mume, ana kile tu ambacho mama mkwe wake alikiamini kuliko vyote.

"Maman," alisema, "rate ya mutu iko ngapi?"

"Moja."

"Iko upande gani?"

"Kushoto. Hata kuku inajua."

"Basi weka mukono ku kuume. Polepole, usikamue. Mikono yako haina uongo. Uniambie kitu gani iko pale."

Maman Emérence alimtazama sana. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa ameitwa kwa kazi yake, na mtu wa kazi haachi kuijibu. Aliteleza vidole hadi upande wa kuume wa tumbo, vikasimama. Vilizunguka taratibu, vikatafuta ukingo, havikuupata. Alikuwa amekigusa kitu hicho zamani, siku ya kwanza alipompima mtoto tumbo, akajiambia ni ini. Sasa alisema tena kwamba ni ini, lakini alilisema akiwa ameinamisha kichwa, kwani ini lina ukingo, na yeye alijua vizuri kulihisi.

"Ni kama ile ya kushoto," alisema mwisho.

Gaston akaingia katikati. Akasema sawa, ugonjwa ni ugonjwa, na kila mtu anajua kifafa hiki kilitoka wapi: kilitoka Luhwindja, kwa akina Agathe, ambako kuna shangazi mmoja aliyeanguka motoni. Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi, na Agathe alikuwa ameyameza mara nyingi. Jioni hii hayakupita.

"Docteur aliniuliza juu ya vidole vya miguu yako, Papa Constantin," alisema. "Vile vinyama pembeni ya kucha. Ni ugonjwa ile ile. Inapita mu damu. Kwangu alitafuta, hakuona kitu."

Mkono wa Gaston ulipanda. Agathe aliuona ukipanda na hakuondoka pale alipopiga magoti, kwa sababu viganja vyake vilikuwa bado juu ya mtoto. Kilichouzuia mkono huo hakikuwa huruma. Gaston alikuwa amemwona mama yake. Maman Emérence alikuwa anavuta miguu yake mitupu chini ya kitenge, taratibu, kama anavyofanya mtu mwenye haya. Na kabla havijafichika, mke na mume waliviona vile vinyama pembeni mwa kucha zake. Gaston alikuwa amevifahamu tangu utoto. Ukoo ulikuwa ukitania kwamba ndivyo wanavyotambuana.

Mkono wa Gaston ukashuka wenyewe.

Agathe hakutaka kumwaibisha mtu. Alitaka mikono ile iondoke tu. Akasema kwa sauti ndogo, akimbembeleza, kwamba daktari hakulaumu mtu yeyote, alisema tu mtoto asikandwe, kwani akikandwa figo inaweza kupasuka, damu inamwagika ndani, tumbo linavimba, midomo inageuka myeupe, mtoto anaomba maji, anaomba tena maji.

Maman Emérence aliinua uso.

"Alisema nini juu ya maji?"

Agathe akarudia.

Mama mkwe wake alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, ameigeuza viganja juu, mawese yakitiririka hadi viwikoni.

"Adélaïde alikuwa na hii joto mu uso," alisema. "Vilevile. Alikuwa na rate kubwa. Mangaribi nilimukanda. Kiisha tumbo ikavimba, akaanza kuniomba maji." Akamgeukia mwanawe. "Nilimunyima, Gaston. Nilisema ni karuho, maji itatembeza sumu. Aliniomba mpaka asubui."

Gaston alikuwa na miaka kumi na miwili asubuhi hiyo, na yeye ndiye aliyetumwa kumwita padri. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya kufundishia.

Ndipo Constantin akaanguka, kama mtoto aliyelala chali anaweza kuanguka: macho yakapanda, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kupiga majani ya ndizi. Maman Emérence alijitupa mbele kama alivyojitupa kila mara. Kisha akajizuia. Mikono yake ilibaki hewani juu ya mjukuu wake, karibu kumgusa.

"Siwezi," alisema. "Gaston, shika mutoto wako."

Gaston hakuwa amewahi kumshika katika hali ile. Alimtazama mke wake, akamtazama mama yake, na woga wote wa miaka mitano ulikuwa usoni pake bila kujificha. Agathe alimwambia aweke mkono chini ya kichwa, amlaze ubavu, asimbane kiuno, tumbo asiliguse. Akafanya. Povu likamtoka mtoto likamlowesha mkono wa shati, na yeye hakuuondoa. Alikuwa analia kwa sauti, mwalimu mzima, akirudia jina la mwanawe, na Agathe alimpenda wakati huo kuliko siku ya ndoa.

Kifafa kilipita. Constantin alilegea, akapumua kwa kukoroma, akalala. Agathe alimchunguza kwa mwanga wa mwisho: alipindua mdomo wa chini, ndani ulikuwa mwekundu, aliweka sikio tumboni, tumbo lilikuwa laini, linanguruma njaa. Zile chale tu ndizo zilizotoka damu, na chale zitapona. Gaston alimbeba mtoto ndani, kifuani, kama kitu cha kioo, akiuliza kila hatua kama amemshika sawa.

Agathe alipogeuka, mama mkwe wake hakuwepo. Jiwe lilikuwa limemwagiwa maji, na kitambaa cha kufutia mawese kilikuwa kimetupwa juu yake. Ua wa matete ulikuwa unatikisika.

Alisogea hadi kwenye ua akachungulia. Maman Domitille alikuwa amerudi na makaa yake, anakung'uta magunia, na alipoona nani anaingia kwake alisimama wima, gunia mkononi, kama mtu anayengoja kupigwa. Miaka yote ile hakuwahi kuingiliwa uani na mtu wa nyumba ile. Aliuliza tu kwa sauti kavu kama mtoto ni mzima.

"Iko mzima," Maman Emérence alisema. Kisha akasimama pale, mikono ameiweka mbali na mwili wake kama si yake. "Maman Domitille, niko na kiu. Unipe maji."

Maman Domitille hakusogea kwanza. Alimtazama jirani yake usoni, akatafuta mzaha, hakuupata. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maji, na kama desturi inavyotaka akaliinua mdomoni mwake ili aonje kwanza, aonyeshe kwamba ni maji matupu. Maman Emérence alimshika kifundo cha mkono akamzuia. Akalichukua kopo kwa mikono yake miwili, akanywa lote bila kupumzika, maji yakimchuruzika shingoni. Kisha akaomba mengine.